Kwa Mama Vifungo, Aliyesikiliza Huku Akishona

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu tukusindikize, na hadi leo kila asubuhi Baba anaweka vikombe viwili mezani, kisha anarudisha kimoja kabatini taratibu, akidhani hatumwoni.

Tunakumbuka mwendo wako wa haraka na chaki kwenye ukosi. Tunakumbuka pini ulizozichomeka kifuani ukazisahau, hata mtu akitaka kukukumbatia ilibidi ajihadhari. Ulikuwa huwezi kufua bila kuimba, na kuimba kwenyewe ulikuwa hujui.

Ulikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya msingi, kazi ambayo Mjomba, mdogo wako, haikumwingia akilini kamwe. "Yaani dada, unalipwa kusikiliza watoto? Mimi wangu nimewasikiliza miaka thelathini bure!" Baba naye alikuchokoza kila jioni: "Leo umesikia nini huko?" Ukamjibu, "Nimesikia cherehani." Zaidi ya hapo hakuambulia kitu. Siri za watoto wa watu ziliishia kwako.

Lakini mwanzoni watoto hawakuja. Shule ilikupa chumba cha mwisho kwenye korido, kilichokuwa stoo ya mipira, ikapaka mlangoni kwa herufi kubwa: CHUMBA CHA USHAURI. Mlango ulitazamana na ofisi ya walimu, hivyo aliyeingia alionwa na shule nzima, na wakati wa mapumziko alizomewa: "Huyooo! Kapelekwa kutengenezwa kichwa!" Muhula wote ulipata wageni wawili, na mmoja wao alikuwa anatafuta choo.

Na nyumbani kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hakuja kwako. Huyo ni mwanao wa mwisho, ambaye Mjomba alimbandika jina la Redio kwa sababu tangu utotoni haongei. Utatusamehe kulisema hapa, kwani wewe mwenyewe hukulificha. Alipokuwa darasa la sita, katika shule ya mtaa wa pili, kila aliposimamishwa asome kwa sauti, sauti ilimkimbia, na darasa likaangua kicheko. Akaanza kutoka nyumbani na mkoba wake, akawa anashinda nyuma ya ukuta wa zahanati. Zilipita wiki tatu ndipo ukajua. Ukamketisha mezani: "Nani kakukosea? Tangu lini? Mbona husemi?" Kadiri ulivyouliza ndivyo alivyozidi kufunga kinywa. Shule akaacha.

"Watoto wa wenzangu nawabembeleza," ulituambia, "wangu nimemhoji kama polisi."

Miaka miwili baadaye, katika likizo iliyofuata ule muhula wako mtupu, mlikuwa mnashona pazia la sebuleni, wewe mwanzo wa pindo na yeye mwisho wake. Macho yenu yote yalikuwa kwenye kitambaa. Hapo ndipo Redio alipoanza kusema, bila kuulizwa, na akasema yote. Hukuinua kichwa, ukiogopa kumkatiza. Mlipokutana katikati mlikuwa mnalia wote wawili, na pindo limekwenda mrama. Ulimwomba arudi darasani. Alikuwa amekwisha kurefuka, akaona haya kukaa na wadogo. Hukumlazimisha, ila ulimfundisha kushona vizuri.

Shule zilipofunguliwa, Mjomba alisukuma cherehani yako kwa toroli hadi kwenye kile chumba, akilalamika njia nzima. Ukabandika karatasi juu ya yale maandishi ya mlangoni: TUNASHONA VIFUNGO.

Wakaja, Mama! Hakuna anayemcheka mtoto aliyekatikiwa na kifungo. Mtoto alishika shati, wewe ukashika sindano, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Hukumuuliza ana shida gani. Ulimuuliza, "Hiki kimetokaje?" Akaanza na uongo wa uwanjani, akamalizia na ukweli wa nyumbani. Haikuchukua muda wakawa wanavikata wenyewe kwa wembe. Kwenye mkutano wa wazazi, mama mmoja muuza mboga alisimama, mikono kiunoni: "Mwalimu, shati la mwanangu limepoteza vifungo sita muhula huu. Huku wanasoma au wanapigana mieleka?" Ukamwambia, "Nitavishona vyote, mzazi wangu." Ukavishona. Tangu siku hiyo ukawa Mama Vifungo, na jina ulilozaliwa nalo likabaki kwenye vyeti tu.

Sasa tukupe habari za mwaka huu, maana ulipenda habari.

Ulipotutoka, chumba chako kilifungwa. Mwezi wa tatu mwalimu mkuu akaleta ujumbe kwamba madawati mapya hayana pa kukaa, tukachukue cherehani. Kaka alikuwa safarini na lori lake, na Baba mgongo unamsumbua. Ikabidi aende Redio, pamoja na Mjomba na toroli lake. Redio hakuwa amekanyaga shule yoyote tangu aache yake. Alipofika getini alishika ukingo wa toroli kama mtu anayevuka mto.

Tairi la toroli lilikuwa halina upepo. Mjomba akaenda kutafuta pampu, akamwacha Redio peke yake chumbani, akiifunga cherehani kwa kitambaa. Mara mlango ukasukumwa. Ni msichana wa darasa la sita, ameshika blauzi yake kifuani.

"Shikamoo. Wewe ndiye Mama Vifungo mpya?"

Redio akatikisa kichwa kukataa.

"Lakini kushona unajua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi nishonee. Kengele italia sasa hivi."

Redio akachukua sindano kwenye kopo lako. Alipoutazama uzi uliobaki kwenye blauzi aliona umekatwa kwa wembe, sawasawa kabisa. Alijua maana yake. Wewe ungeuliza neno moja tu. Yeye hata hilo moja halikutoka. Akashona taratibu, tundu kwa tundu, kama kifungo hicho ni cha bwana harusi.

"Kimetoka tukicheza mpira," msichana akasema. Redio akavuta uzi. "Hapana, nimekikata." Redio akavuta uzi. "Nilijua Mama Vifungo ameshafariki. Nimekikata tu. Kesho siji shule tena."

Sindano ikasimama. Msichana akaeleza huku akitazama blauzi yake. Haoni ubao. Mwaka mzima amekuwa akinakili kwa jirani yake wa dawati, na jirani amehama. Mwalimu wa hesabu anamsimamisha na kumwita mvivu. Akisema ukweli, watoto wenzake wamemwambia, atapelekwa shule ya wasioona, mbali, asimwone mama yake hadi likizo. Kwa hiyo ameamua kuondoka mwenyewe kabla hawajamwondoa.

Tunajua, Mama, ungekuwa na maneno. Redio alikuwa na jambo moja tu, lile ambalo aliwahi kukusimulia wewe peke yako.

"Mimi niliacha darasa la sita," akasema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Nilijificha nyuma ya ukuta wiki tatu."

Msichana akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ukapata nini?"

"Mafua."

Msichana akacheka, kisha akalia, kisha akafuta pua kwa mkono wa blauzi iliyokuwa bado na sindano, nusura ajichome. Redio akakata uzi, akamuuliza yale uliyokuwa ukiwauliza wote kabla hawajatoka: "Hili tulimalize mimi na wewe, au tumtafute wa tatu?"

"Wa tatu nani?"

Kutoka mlango wako hadi ofisi ya mwalimu mkuu ni hatua ishirini. Redio anasema zilikuwa mia. Ofisini palikuwa na walimu wanne na chai, wote wakageuka. Sauti ikataka kumkimbia kama zamani. Msichana alikuwa amemshika kidole, na Redio akaona kwamba akinyamaza yeye, kesho dawati moja litakuwa tupu.

"Mwalimu," akasema. Hakuna aliyecheka. "Huyu mtoto si mvivu. Haoni ubao. Anaogopa mtampeleka mbali."

Mwalimu mkuu akaweka kikombe chini. "Wewe ni nani, binti?"

"Mtoto wa Mama Vifungo."

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesimama wa kwanza. Hakujitetea. Alimshika msichana bega, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo utakaa mbele kabisa." Siku hiyohiyo ikaandikwa barua kwa mama yake, ampeleke kliniki ya macho. Na hakuna aliyepelekwa mbali.

Mjomba alirudi na tairi limejaa upepo, jasho linamtoka. "Haya Redio, pakia twende."

"Mjomba, rudi na toroli. Cherehani inabaki."

Mjomba akapiga kelele korido nzima: "Jamani! Redio imepata betri!"

Madawati yamewekwa nusu ya chumba. Muhula uliofuata shule ikapata mwalimu mpya wa ushauri, kijana mpole aliyesomea kazi hiyo ila hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Redio huenda Jumanne na Alhamisi. Yeye hushona, mwalimu hukaa kando akipiga pasi kola, na anayotakiwa kuyasikia anayasikia. Baba humuuliza Redio jioni amesikia nini, naye hutabasamu tu. Baba anasema amepata mtunza siri wa pili.

Wiki iliyopita yule msichana alikuja tena, miwani puani. Redio akamkagua blauzi kuanzia shingoni hadi kiunoni, hakuona pengo. Akamuuliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," msichana akasema. "Nimekuja kukaa tu." Akakaa juu ya dawati, akanyoosha miguu, akasoma kitabu chake kwa sauti mpaka kengele ikalia.

Tulitaka ulijue hilo, Mama.

Unakumbukwa na mumeo fundi seremala, mwanao wa kwanza dereva, mkweo, mwanao wa mwisho mshonaji, mdogo wako mwenye toroli, dada zako wawili, wajukuu zako watatu, walimu wenzako, na watoto wote uliowashonea ambao sisi hatuwajui, na hukutaka tuwajue.

Pumzika, Mama. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni.