Sentensi Kamili ya Kufunguliwa Mlango

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kazini na mtaani kama: Mama Pacha
Umri: Miaka 34
Kazi: Mfungashaji wa samaki
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda
Uhusiano na marehemu: Shemeji (mke wa kaka yake)

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande ameniambia niseme nilichoona na kusikia tu, hasira niiweke pembeni. Nitajaribu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, niliingia kazini saa moja asubuhi pamoja na shemeji yangu. Njiani alinitania kama kawaida yake kwamba nimenenepa mpaka kivuli changu kinafika kazini kabla yangu. Nilimwambia atafute mke wake wa kumsumbua, mimi nina wa kunitosha. Alikuwa mzima kabisa.

Kiwandani kwetu, kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, tunasimama kwenye meza zetu na msimamizi anatufundisha Kiingereza. Ilianza mwezi uliopita, ilipotangazwa kwamba wanunuzi wa nje watakuja kututembelea. Msimamizi aliwahi kuishi huko kwao, na hajawahi kutuacha tusahau. Alisema tutaanza na maneno ya muda, kwa sababu wale watu hawamalizi sentensi bila kuyatia. Anaandika maneno ubaoni, anayenyooshewa kidole anatunga sentensi. Halafu siku nzima ukitaka kitu, iwe maji au choo, unakiomba kwa sentensi kamili yenye maneno ya ubaoni. Ukishindwa hupewi. Mwenzetu mmoja mjamzito alijikojolea mezani kwa sababu ya sheria hiyo, na msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta.

Asubuhi hiyo alituambia, "Mwenye Kiingereza chake akikwambia 'just a minute', usitazame saa. Hakuna dakika anayohesabu hapo. Anakwambia tulia, usimsumbue."

Kisha akamnyooshea kidole shemeji, atunge sentensi ya 'once in a while', yaani mara moja moja. Shemeji akasema kwa Kiingereza kwamba mara moja moja msimamizi naye hufanya kazi. Tulicheka wote. Meneja alikuwa anapita, naye akacheka. Msimamizi hakucheka. Alimwambia, "Haya. Wewe na mimi tutaonana."

Kwenye saa nne asubuhi shemeji aliingia chumba cha kugandishia kutoa kreti. Alivaa ovaroli tupu, tena imelowa, kwa kuwa makoti mazito yalikuwa yamepelekwa kufuliwa ili wageni wayakute safi. Mlango wa chumba hicho unafunguliwa kwa nje. Kengele ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo utaratibu wetu ni kwamba aliye ndani anagonga na aliye karibu anafungua. Meza yangu ndiyo iliyo karibu. Nilimwona msimamizi kwa macho yangu akisukuma komeo, akatia kufuli na ufunguo akauweka mfukoni.

Shemeji alipogonga, msimamizi alimwambia kwa sauti, "Sentensi! Nataka 'as soon as possible' ndani yake." Maana yake ni haraka iwezekanavyo. Shemeji alisema kitu, msimamizi akasema si hivyo. Akasema tena, akaambiwa hasikiki. Mwanzoni tulidhani ni utani. Nilipoinuka niende mlangoni, msimamizi alisema atakayesogea aende moja kwa moja nyumbani na asirudi.

Halafu aliligeuza kuwa somo. Shemeji akigonga, yeye anamjibu, "In a second!" kisha anatugeukia sisi, "Maana yake?" Nasi tunaitikia, "Subiri kidogo!" Akigonga tena, "Any time now!" Maana yake? "Bado kidogo tu!" Watu wazima, wenye watoto, tuliitikia kama darasa la kwanza. Mimi nilikuwamo. 

Mara akapigiwa simu kwamba wageni wako getini. Alifunga kola yake, akatuambia tusimame vizuri, akatoka na ufunguo.

Nilikimbilia mlangoni. Nilimwambia, "Shem, ni mimi. Ametoka. Ruka ruka, usikae chini." Akajibu kwa Kiingereza kwamba tafadhali afunguliwe mlango haraka iwezekanavyo. Sentensi nzima, hakuna kilichopungua. Nikamwambia, "Hayupo, Shem! Sema na mimi kwa Kiswahili!" Akarudia ileile.

Nilizima feni ya ubaridi. Mlinzi akaiwasha tena, akasema samaki wakiharibika tutakatwa mishahara sote. Fundi mwenye nyundo na patasi alikuwa ametumwa mjini kununua vipuri. Nilikwenda ofisini, nikawakuta wanakunywa chai. Nilimwambia msimamizi, "Bosi, naomba ufunguo, shemeji yuko ndani." Mgeni mmoja, mama wa miwani, aliuliza kitu. Msimamizi alimjibu kwa tabasamu, wakacheka kidogo, kisha akaniambia polepole, "Umesahau sheria? Hapa hatuongei Kiswahili mbele ya wageni." Niliyatafuta maneno ya Kiingereza, Afande, yakanikimbia yote. Mlinzi akanitoa kwa kunivuta mkono.

Nilirudi mlangoni. Shemeji alikuwa bado anaisema ile sentensi, ila kwa chini, kama mtu anayekariri. Baadaye ikawa maneno mawili matatu. Baadaye sikusikia kitu.

Fundi alirudi saa sita kasoro akavunja kufuli. Shemeji alikuwa ameketi nyuma ya mlango, magoti kifuani. Nilimshika uso. Wakati huohuo msimamizi alifika na wageni. Alituona, akasimama katikati ili wasione, akawapeleka upande wa mashine ya kupimia uzito. Hospitali walisema tumemfikisha akiwa ameshakufa.

Jana mama mkwe alinishika mikono yote miwili, akaniuliza mwanawe alisema nini mwisho. Hajui neno la Kiingereza. Nilimwambia alimwita yeye. Alilia, akashukuru. Naomba sehemu hii asiijue.

Nimesema yote niliyonayo, na ndivyo ilivyokuwa.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA MPELELEZI: Kwa mujibu wa utaratibu, nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakiri kuwa ni sahihi. Usomaji ulipokwisha, shahidi na mimi tuligundua kwamba mama wa marehemu, aliyekuja kuulizia mwili, alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia sehemu ya mwisho. Ameuliza sentensi hiyo ya mwanawe inasemaje kwa Kiswahili.  Nimemtafsiria mimi.

(Sahihi ya mpelelezi)