Bakari Amekiri, Baba

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nyumba imekuwa kimya mno na Mama siku hizi hata hodi haitikii.

Nimekaa kwenye meza yako. Nimetaka kukuandikia mara nyingi nikashindwa, kwa kuwa habari niliyo nayo si nzuri, na wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Basi nakwambia: Bakari amekiri. Yule kijana wako wa Songo Mnara, aliyekaa mahabusu hapa Lindi mpaka ndevu zikamwota, amesimama mbele ya Jaji akasema ni kweli, aliua bila kukusudia. Amepewa miaka kumi. Na wewe unajua, na mimi najua, kwamba hakuua.

Nina hasira, Baba. Nina hasira na wewe pia. Ungengoja kikao kimoja tu.

Ulipopangiwa kesi ile nilinuna, unakumbuka? Mtu asiye na kitu akishtakiwa kwa mauaji, mahakama humpa wakili na serikali humlipa wakili huyo. Wenzako walizikimbia kesi hizo. Zilikuwa zama za ruksa, wageni wanataka viwanja vya ufukweni Kilwa wajenge hoteli, na kila aliyesoma sheria alikuwa mbioni kuandika mikataba. Wewe ukabaki na wauaji wako, kama Mama alivyokutania. Ada ilikuwa moja tu: mteja akikiri ukamaliza asubuhi moja, au ukipigana wiki tatu mpaka sauti ikakauka, malipo ni yale yale, na huja yakipenda. Nauli ya kwenda kuutafuta ukweli haimo kabisa.

Nawe ukaenda. Basi mpaka Nangurukuru, gari la Masoko, halafu chombo mpaka kisiwani, yote kwa mfuko wako. Marehemu alikuwa mnunuzi wa majongoo ya bahari, ameuawa jioni kambini kwake kwenye kijisiwa kilicho mbele ya kijiji. Mchana wake Bakari alikuwa amegombana naye kwa sababu ya bei. Shahidi alikuwa mmoja tu, na alisema alimwona Bakari jioni ile akivuka mkondo kwa miguu kuelekea kambini. Wanawake wawili wachokoa pweza wakakwambia siku ile ilikuwa maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na mkondo ule haukauki. Mtu mwingine angeandika akaondoka. Wewe ukangoja maji mafu mengine, ukajitosa mwenyewe, suruali kichwani, mpaka maji yakakufika kidevuni. Ulirudi na mafua na furaha isiyo na mfano. Mama akakuuliza, "Kwani serikali inakulipa uogelee?" Ukacheka mpaka ukapaliwa na chai.

Baada ya hapo ukawa unanifanya mimi Jaji. Nakaanga mihogo, wewe umesimama mlangoni na kikoi chako unamtetea Bakari, na ukifika pazuri unainamisha kichwa: "Mheshimiwa Jaji, mihogo inaungua." Ninavyoikosa sauti ile! Siku hizi nakaanga kimya kimya, na inaungua vilevile.

Kikao kikaahirishwa, eti fungu la fedha halijafika. Kikaahirishwa tena. Kisha presha ikakuangusha kwenye ngazi za posta, tukakuzika, na kikao kikaja Mama bado yumo edani.

Walimleta wakili mwingine kutoka Dar. Alifika asubuhi ile ile na matope ya njia ya Rufiji kwenye viatu, kapangiwa kesi nne za mauaji kwa kikao kimoja. Nilimpa jalada lako kwenye kibaraza cha mahakama, nikamweleza habari ya maji. Ningependa kukwambia alikuwa mtu mbaya, nipate wa kumlaani. Hakuwa mbaya, alikuwa amechoka. Alisikiliza, akaniuliza, "Binti, hao wanawake wako wapi?"

Walikuwa Songo Mnara, Baba. Hakuna aliyewapelekea nauli. Pesa uliyokuwa umeitenga kwa safari yao iliishia kwenye mazishi yako.

Wakili akasema akiomba kesi iahirishwe, Bakari anarudi mahabusu kungoja kikao ambacho hakuna ajuaye kitakuja lini, na yeye hana hakika kama atalipwa arudi. Upande wa mashtaka ulikuwa tayari kupunguza kosa. Bakari aliuliza jambo moja tu, kama atanyongwa. Akaambiwa akikiri hili hanyongwi. Akanitazama. Mimi ni mpiga chapa wako tu, Baba, nilikuwa na kinywa na sikuwa na ruhusa ya kukifungua mle mahakamani. Akasema, "Mzee wangu hayupo. Basi."

Ningeishia hapa, lakini juzi alikuja mama yake. Amevuka, amelala Masoko, amepanda basi mpaka Lindi, na tenga la pweza mkavu. Amekuja kutoa shukrani. Wamemwambia mwanawe ameepuka kitanzi, na kwake yeye huko ndiko kushinda. "Marehemu kaniokolea mwanangu," alisema, akalia, akambusu Mama mikono.

Wewe hukupokea hata nazi kutoka kwa watu wa kesi hizi. Ulisema mteja wa kupewa na mahakama hatoi kitu, na watu wakakuona una maringo. Mimi nimepokea. Kumrudishia nilishindwa, na kumwambia ukweli nilishindwa. Pweza yuko jikoni, hakuna aliyemgusa.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie hapo ulipo. Mama akitoka edani nitakwenda Songo Mnara, nikae chini na yule mama kwenye ukumbi wake, nimwambie kwamba hatukushinda. Atanilaani, na asiponilaani itaniuma zaidi. Lakini nakuahidi sitaondoka mpaka ajue kwamba mwanawe alikuwa wa kurudi nyumbani.

Binti yako,
Zuhura