Kwetu Anayemimina Huonja Kwanza

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Umoja sote tu wazima. Goti la nyanya yako linamsumbua, lakini mazoezi ya kwaya hakosi. Umeniuliza kama nimewahi kuonja divai nyekundu za Italia, kama hizo mlizoonjeshwa huko chuoni. Nimewahi, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa kijana, mhudumu katika hoteli moja mjini. Akaja mtaalamu kuwaonjesha wageni divai za Toskana, Piemonte na Sisilia, nami nikaambiwa nimimine. Nikafanya kama mama alivyonifunza kwa busaa, pombe yetu ya nafaka: nikajimiminia kidogo, nikanywa mbele yao, ndipo nikammiminia mgeni. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kinywaji hakina sumu.

Meneja akanirukia. "Mwizi wewe! Unakunywa divai ya wageni?" Akanivua koti la kazi palepale, watu wakitazama.

Sijafika mlangoni, mtaalamu naye akajimiminia. Akaonja kwanza, akasema anasikia ladha ya matunda na ngozi ya viatu, kisha akatema kwenye ndoo. Kwenye ndoo, Nekesa, mbele ya wageni! Wakampigia makofi.

Hebu niambie, nani hapo alikosa adabu? Mimi angalau nilimeza.

Koti walibaki nalo. Desturi nilitoka nayo. Ukija Desemba, kikombe chako nitakionja kwanza, na anayetaka kuniita mwizi na aniite.

Babu yako