Ngoja Wingu Lipite

Dodoma, 30 Desemba 2024

Mama, shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma na arobaini imesomwa salama.

Swali linaloninyima utulivu tangu nirudi chuoni kutoka msibani ni hili: mdogo wangu Abdulatif alifuata nini ziwani usiku wa mwezi mpevu? Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi yote ya Ujiji hupumzika. Mimi nilikuwa nimemwomba picha ya mwezi na mawingu, kwa maonyesho ya chuo. Saa nne usiku ilinifikia moja kwenye simu, maji pande zote, na maneno haya: “Dada, wingu limeuficha mwezi. Ngoja lipite, nipige nyingine.” Nikangoja hadi alfajiri. Sikumwambia aingie majini. Wala sikumwambia abaki nchi kavu. Nieleze unachokijua.

Binti yako,
Ikram

Ujiji, 19 Januari 2025

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyohiyo.

Mdogo wako alikwenda kuvua. Nilimtania, “Baba, leo utavua huo mwezi?” Akacheka, akaweka wavu wake begani, akaondoka. Upepo ulikuja baadaye. Wewe huhusiki. Kula, soma.

Mama yako

Ujiji, 24 Februari 2025

Mwanangu, hujambo? Mbona kimya?

Huku mvua tu, jikoni panavuja. Saidi wa Mwamgongo alipita kuomba aazime wavu wa marehemu. Nimeshindwa kuutoa. Uko ukutani palepale alipoutundika asubuhi ya siku ile, na fundo lake mwenyewe. Sitaki mtu alifungue.

Mama yako

Dodoma, 18 Machi 2025

Mama, shikamoo. Naomba saumu isikuchoshe.

Nimezisoma barua zako mbili pamoja. Katika moja wavu uko begani mwake. Katika nyingine haujatoka ukutani. Pengine alikuwa na nyavu mbili, au msiba umekuchanganyia siku. Pengine pia uliniandikia ya kwanza ili nipate usingizi. Sina hakika, na hata hili la mwisho naweza kuwa nalibuni kwa sababu nataka kuadhibiwa. Nimesomeshwa nisiridhike na jibu lisilo na ushahidi, lakini shahidi aliyebaki ni wewe, nami siwezi kukulazimisha uchague kati ya ukweli na mimi. Kwa hiyo swali nimeliacha lilivyo.

Nakuja Idd. Ukiona heri kuuondoa wavu ukutani kabla sijafika, uondoe. Sitauliza uliko.

Binti yako,
Ikram