Sauti ya Kisiwani

Korogwe, Machi 1974

Mpwa wangu Chausiku,

Marahaba. Bila mimi mjomba wako, vijiji vya ujamaa huku visingesimama. Juzi niliwapeleka wageni wa wilaya kwenye kile kisiwa cha Mto Pangani, walikojificha mababu wakiwakimbia wakamata watumwa. Leo hakuna anayeishi humo.

Bibi Tatu, aliyetuvusha, akaniasa, "Mwinjuma, wapigie wazee hodi kwanza."

"Niyapigie hodi matete?" nikamcheka.

Tulipofika penye vigae vya vyungu vyao, sauti ikanikaribisha kwa jina kutoka kwenye matete, tena kwa Kizigua, wallahi! Nikatangulia mtumbwini, kuwaandalia wageni nafasi.

Bibi Tatu kasema, "Uliingia kwao bila hodi, nao watakuja kwako bila hodi."

Mimi siogopi. Ila tangu juzi, mkazamjomba wako ndiye anayelala upande wa mlangoni.

Mjomba wako,
Mwinjuma