Patroni Uliyoniambia Niitafute

Yaya Zena, dada yangu mkubwa,

Jumatatu naondoka kwenda Lubumbashi. Nitapanda lori la Papa, mbele, pale ulipokuwa unapenda kukaa wewe na kunisukumia mimi kwenye gia. Nimeshachagua shule, na darasa pia nimechagua. Hapa nyumbani wote wameshajua, kila mtu kaipokea kwa namna yake. Nataka nikueleze tangu mwanzo, maana vita hivi vya nyumbani vimetoka kwenye maneno yako.

Kwanza habari. Arobaini yako ilipita salama. Dua ilisomwa, watu wakala, Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Chumba chako cha kushonea pale Manika bado tunacho. Lile bango la mlangoni, "Zena Couture", jua limeila Z yote, sasa linasomeka "ena Couture", na watoto wa jirani wananiita Mama Ena. Nimewaacha. Kiti chako sikuthubutu kukikalia, nikawa nashonea kwenye debe la mafuta mpaka mgongo ukaniuma, halafu nikajua ungeniambia nini: "Ikala, weye. Kiti ni ya kuikala." Basi nakikalia. Wateja wako bado wanakuja. Kuna wasiojua, wanaingia wakicheka na kitambaa mkononi, wanauliza uko wapi. Mwanzoni nilikuwa nawajibu nimewapa mgongo. Sasa naweza kuwaangalia usoni.

Nakumbuka ulivyokuwa unakata. Mteja anasimama mlangoni, unamzunguka, unamwambia inua mikono, shusha, haya nenda. Mita ya kupimia ilikaa shingoni mwako kama pambo tu. Unatandika kitenge mezani, unapiga chaki kidogo, mikasi inaingia. Mafundi wenzako sokoni walikuwa wanakata kwa karatasi, na wewe ukiwacheka. "Mi siko na patroni. Patroni yangu ni macho."

Nilipokuwa mdogo sikuelewa. Kwetu neno hilo lina kazi mbili. Patroni ni bosi aliyekuajiri, na patroni ni ile karatasi iliyokatwa kwa umbo la nguo, ambayo fundi anailaza juu ya kitambaa na kuifuata. Mimi nilijua ile ya bosi peke yake. Basi mwalimu alipouliza kazi za watu wa nyumbani kwetu, nilisimama nikasema yaya yangu hana patroni, patroni wake ni macho yake. Mwalimu akasema huyo ni mtu mwenye bahati. Nilipokuhadithia ulicheka mpaka ukajichoma sindano. Lakini mpaka leo naona nilisema kweli. Katika mji huu ambao kila mtu anamtafuta mtu wa kumwombea kazi kwenye kampuni za shaba, wewe ulifungua mlango wako asubuhi na kuufunga ulipotaka.

Halafu ile siku ya hospitali. Nilikuwa nimekuletea uji, na nilikuwa nimekuuliza habari ya salopeti, ile ovaroli ya kazi ya Mama Odette, yule wa upande wa Mutoshi anayeendesha lori kubwa la mgodi. Alitaka nyingine kama ile uliyomshonea, na mimi sikujua niikate namna gani. Ulifunga macho. Nikadhani umelala. Mama na Papa wakaingia, Papa akaanza kumsalimia mgonjwa wa kitanda cha pili, na hapo ukafungua macho ukasema, polepole, kila mtu akasikia: "Riziki, utafute patroni. Usikuwe kama mi." Hatukupata tena neno kutoka kwako mpaka Mungu alipokuchukua.

Unaona mwenyewe walivyoelewa. Tulipomaliza tu msiba, Papa akaniita. "Neno ya mufu habavunjake," akasema, la marehemu halivunjwi. "Yaya yako alisema utafute patroni. Utasoma gestion, kazi ya ofisi, hapa Kolwezi, ukimaliza compagnie itakupa kazi." Mama naye akaunga mkono: "Ile mashini ilimumaliza Zena. Hakupenda ikumalize na weye." Hata mimi nilielewa hivyo hivyo. Nilikukasirikia, Yaya. Nitakuambia wazi. Nilikaa na mikasi yako mapajani nikiuliza, huyu ambaye hakuwahi kumwamkia bosi hata siku moja, anawezaje kuniachia neno kama hili? Lakini nilikuwa tayari kulitii. Ungeniambia niende kufa ningeuliza tu nivae nini.

Aliyenifungua ni Mama Odette. Alikuja kuulizia salopeti yake. Wewe unazijua zile za kazi, zimekatwa kwa mwili wa mwanaume. Mabega yanaanguka, nyonga zinabana, na mwanamke akitaka kwenda msalani lazima avue yote mpaka miguuni. Ile uliyomshonea wewe uliipasua kiunoni, nyuma, ukaweka kifuniko na vifungo kwa ndani, hata ukimwangalia huoni kitu. Hii mpya nikaikata kwa macho, nikijifanya wewe. Aliivaa, akainua mikono kama ameshika usukani, na mgongo wote ukapanda naye. Mama Odette ni mtu mpole, unamjua. Alijigeuza mbele ya kioo, akauliza, "Yaya yako hakukuachia patroni?"

Nikamjibu, "Mama, yaya hakukuwaka na patroni."

Neno likiwa bado mdomoni, nikakumbuka swali langu la hospitali. Nilikuwa nimekuuliza nikate namna gani. Ulifunga macho ukalifikiria, na ulipoyafungua ulikuwa unanijibu mimi. Papa na Mama walikuta jibu, swali hawakulikuta. Na mimi mwenye swali nilikuwa nimelisahau. Nilikaa chini, na Mama Odette akadhani nimeugua.

Nilimwomba aniachie ile salopeti ya zamani uliyomshonea. Nikaifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, na kila uzi uliotoka ulikuwa umeupitisha wewe. Nililia, sikufichi. Kisha nikapasua mifuko ya simenti, nikachukua karatasi ya ndani iliyo safi, nikaipiga pasi, nikalaza vipande vyako juu yake na kuvizungushia kalamu. Hapo ndipo nilipoona ulivyokuwa unafikiri. Bega la kulia la Mama Odette ulilikata juu kidogo kuliko la kushoto, na mimi niliyemwona miaka yote sikujua kama ana bega moja juu. Kwapani uliweka kipande kidogo cha pembe nne, na ndicho kinachouacha mkono uinuke bila kuvuta mgongo. Hukuwahi kunionyesha kipande hicho. Najua hukunificha. Ulidhani na mimi nakiona.

Nilikata nyingine kwa karatasi. Aliivaa, akainua mikono, mgongo ukabaki mahali pake. Akasema, "Huyu njo Zena." Akaenda nayo bila hata kuivua.

Sasa shule. Papa alipokuwa na mzigo wa Lubumbashi nilimwomba anichukue, nikaenda kuona ile taasisi ya mavazi siku wanayofungulia wageni milango. Kuna darasa la stylisme, la kubuni na kuchora mitindo, na kuna darasa la modélisme, la kuitoa nguo kwenye picha na kuiweka kwenye karatasi, yaani la patroni. Mlango wa stylisme ulijaa watu. Picha ukutani, sanamu za kuvishia zimevaa gauni za kitenge zenye mabega hadi masikioni, na wasichana wazuri kuliko gauni zenyewe. Nilikuwa na michoro yangu, ile ya nyuma ya kalenda. Mwalimu mmoja aliitazama mpaka mwisho, akaniambia, "Weye ni mutu wa stylisme. Uko na mukono."

Nilifurahi, Yaya. Karibu nikubali pale pale. Nani hapendi jina lake liitwe kwenye maonyesho? Na huyo mwalimu hakukosea, mkono ninao. Lakini nikavuka ukumbi nikaingia chumba cha pili. Kulikuwa na meza ndefu, karatasi za kaki, rula zilizopinda, na patroni zimening'inizwa kwenye misumari kama nyama buchani. Kila kipande kimeandikwa jina lake. Nikawaza, kipande chako cha kwapani kingekuwa pale kwenye msumari, kisingezikwa pamoja na mtu. Gauni nzuri zina wachoraji wengi. Salopeti ya mwanamke anayeendesha lori la mgodi haina mtu wa kuifikiria, ilikuwa na mmoja tu, wewe. Nikaandikisha jina langu hapo.

Tulipofika nyumbani Papa akasema, "Unageuza maneno ya mufu." Nikamweleza swali nililokuuliza ukiwa kitandani. Mama akasema hakulisikia. Ni kweli, alikuwa bado hajaingia. Shahidi wangu ni mmoja, na huyo shahidi ni wewe. Basi nikamuuliza Papa kwa heshima yote: "Papa, na weye, uko na patroni gani?" Unajua lori ni lake mwenyewe. Akatoka kugonga matairi, kama kawaida yake akishindwa maneno. Kesho yake, akinawa mikono kabla ya kula bukari, ugali wetu, akaniuliza huku akiangalia maji: "Ile shule ya bikaratasi inaanza siku gani?" Nikamwambia. Akasema mbele ya lori kuna nafasi.

Mama bado. Ananiambia nitarudi na mgongo uliopinda kama wako. Lakini jana nimemkuta akinifungia unga na samaki wakavu kwenye mfuko, na alipoona nimemwona akaanza kunigombeza habari ya vyombo.

Yaya, nimeliwaza na hili. Inawezekana nimekosea. Inawezekana ulipofungua macho ulimaanisha bosi, mshahara wa kila mwezi, na kiti cha kuegemea. Ulikuwa umechoka, mtu akichoka anamtakia mwenzake kupumzika. Kama ni hivyo, nisamehe, na ujue kwamba siku hiyo hiyo nitakayogundua bado nitakuwa kwenye meza ile ndefu na rula mkononi. Nimechagua mimi. Wewe umenipa neno, na maana yake nimeibeba mwenyewe.

Cherehani inabaki na Mama mpaka nirudi, na nitarudi Manika, chumba kile kile. Ile Z nitaipaka rangi kwa mkono wangu. Na nakuahidi hili moja: hakuna nguo itakayotoka mezani kwangu bila kuacha karatasi yake ukutani, ili msichana atakayekuja baada yangu asilazimike kufumua nguo ya mtu aliyempenda ndipo ajifunze.

Leo nimefunga patroni ya salopeti ya Mama Odette, zile karatasi za mifuko ya simenti, nisafiri nayo. Nimeandika majina ya vipande kama nilivyoona kwenye misumari ile. Mbele. Mgongo. Mkono. Nilipofika kwenye kile kidogo cha kwapani sikujua kinaitwaje, shule itaniambia. Kwa sasa nimekiandika Zena.

Lala, Yaya. Mungu akupe pahali pa kuegemea.

Mdogo wako,
Riziki