Nimekata Mtutu wa Bunduki, na Jirani Anahama

Kwako Bi Kuluthum, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa hapa Mtongwe, Likoni, na mara nyingi nimecheka nikiona unavyowagombeza wanaokuandikia, lakini leo zamu yangu imefika, nami nakuomba kwa heshima unishike mkono kwa maana nimekwama na hapa nyumbani sina wa kumweleza. Majina nitakayoyataja si yetu, lakini yaliyobaki yote ni kweli, wallahi.

Nina shamba la minazi na muhogo nililoachiwa na baba, na duka dogo kando ya barabara, na kwa sababu ya nguruwe mwitu na nyani wanaonimalizia muhogo nina leseni ya bunduki ya marisau, zile punje ndogo ndogo za risasi zinazotoka nyingi kwa pamoja. Mpangaji wangu ni Mutua, mtu wa Machakos anayefanya kazi bandarini, amekaa nyumba ya upande wa kisimani pamoja na mkewe Agneta tangu kabla mimi sijaoa, na Jumapili ambayo hana zamu huwa tunaingia porini upande wa Shika Adabu kutafuta paa na kanga. Mwendo wetu ni kwamba mimi nasoma Bismillahi na kufyatua, Mutua mwenye mbio anamkimbilia mnyama na kumshika angali hai, nami nafika na kisu namchinja, kisha nyumba zote mbili zinakula nyama ile ile. Kwao mnyama aliyekufa kwa risasi hana ubaya wowote, angeweza kumaliza kazi mwenyewe na kuondoka zake, lakini hajapata kunitangulia kwa kisu hata siku moja. Nguruwe tukimwua ni wake, na humpitisha nyuma ya shamba, akaoga mwili mzima kabla ya kukanyaga baraza yangu. Sikuwahi kumwambia afanye hivyo.

Mwaka huu bunduki ya marehemu baba iliharibika kabisa, nikavuka kwenda kisiwani kununua nyingine, na moyo wangu ukapenda ile ya kusukuma, ambayo ina mkono wa mbao chini ya mtutu, unauvuta nyuma na kuurudisha mbele, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Muuzaji, Mgoa mmoja mzee mwenye subira, alinichagulia yenye mtutu mrefu akanionyesha ncha yake ilivyobanwa kidogo ili marisau yatoke yakiwa pamoja na yasimrarue mnyama, akanipa marisau madogo ya kanga na makubwa kidogo ya paa, nikarudi nyumbani kwa furaha kama niliyeoa upya. Mutua aliishika, akaipima begani, akasema safari hii hatutarudi mikono mitupu.

Basi ikatangazwa kwamba bendera nyekundu ya Sultani itashushwa na Mwambao utakuwa sehemu ya Kenya huru, na hapo ndipo shemeji yangu Hamoud alipoanza kuvuka feri kila jioni kuja kutujaza maneno. Nilimwambia Hamoud kwamba Mutua ni kama ndugu. Akanijibu, "Yeo mwala naye sahani moja. Kesho bendera ikishuka atakuya na panga." Alilisema mbele ya Ruwaida, mke wangu, na tangu siku ile Ruwaida akawa ananiuliza nikiwa dukani ni nani atakayemlinda yeye na watoto, na mtu akiambiwa jambo moja kila jioni mwishowe hulisikia hata wakati hakuna anayesema.

Hamoud alisema mtutu ule ni mrefu mno, hautageuka ukumbini mwetu mtu akivunja mlango, ukatwe, na kitako nacho kipunguzwe ili Ruwaida aweze kuishika. Nilirudi kwa yule Mgoa, akakataa katakata, akasema bunduki ya namna hii mtutu wake hufunguliwa kwa mkono, ningoje aniagizie mfupi kutoka Ulaya, niwe na wa porini na wa nyumbani, polisi waandike yote miwili kwenye leseni. Sikuwa na subira ya kungoja meli. Hamoud alileta msumeno wa chuma, tukaikata ghalani, tukaijaza marisau makubwa kabisa, na tangu hapo inalala chini ya kitanda changu na risasi ndani.

Jumapili iliyopita Mutua alikuja kunichukua kama kawaida, na mimi, kwa kuona haya kusema sitaki, nikaifunga bunduki ndani ya gunia nikatoka naye. Paa alisimama karibu, nikafyatua, marisau yakatawanyika, mengine tumboni, mengine mguuni, naye akakimbia akilia, tukafuata damu hadi jua la utosi, tukamkuta amekwisha kufa. Hapakuwa na cha kuchinja. Mutua angeweza kumbeba akawapelekea wanawe, lakini alimwacha pale pale, akaichukua bunduki mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba pale penye mkato ambapo chuma bado kinakwaruza, akaniuliza polepole, "Bwana Badawi, hii bunduki umeikatia nani?"

Nilinyamaza, Bi Kuluthum. Ningeweza kusema nguruwe, ningeweza kusema wezi, lakini ulimi haukunyanyuka. Alinisubiri sana, kisha akazitoa risasi zote akanitilia kiganjani, akailaza bunduki majanini, akatangulia nyumbani peke yake. Siku ya pili yake akaja dukani, akaniamkia kwa adabu kuliko siku zote, akasema mwisho wa mwezi anahamia Changamwe. Agneta haingii tena kwetu. Ruwaida akiona vyombo vyao vinafungwa hulia, kisha husema afadhali waende, kisha hulia tena. Mimi mlango ukibishwa huchungulia kwanza dirishani kabla ya kufungua.

Sasa nakuomba uniambie, nikiagiza mtutu mrefu mpya na kuufunga mahali pa huu, Mutua atabaki? Au ninunue bunduki ya pili, moja iwe ya porini na moja ya nyumbani, mambo yasichanganyike? Ni ipi itakayofaa kwa yote mawili bila kumuudhi mtu? Nijibu upesi, nimechoka na roho yangu.

Ni mimi, Badawi wa Mtongwe.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina umeyabadilisha, lakini minazi, kisima, duka na Mkamba wa bandarini umeviacha, kwa hivyo leo Likoni nzima inajua ni wewe, na wa kwanza kujua ni shemeji yako. Vizuri. Kuficha kumekufikisha pabaya vya kutosha.

Umeniuliza kuhusu mitutu kana kwamba nina duka la bunduki. Marehemu mume wangu alikuwa mwindaji, nami nimezipaka mafuta bunduki zake miaka mingi, kwa hivyo hilo nitakujibu. Iliyo yako sasa haifai kwa lolote. Porini inatesa wanyama, ukumbini itatawanya marisau hadi chumba wanacholala watoto wako, na mke uliyempunguzia kitako hajafundishwa hata kuishika. Leo hii, kabla hujala, zitoe risasi, zifungie kabati moja na bunduki kabati jingine, na ufunguo ukae shingoni mwako. Kesho ipeleke polisi kwa mguu wako, kwa maana mtutu uliokatwa hivyo si ule ulioandikiwa leseni. Wanaweza kuichukua moja kwa moja. Waichukue. Wakikurudishia, mrudie yule Mgoa, umwombe radhi, na akufungie mtutu mrefu kama alivyokushauri, uwe wa shamba na porini tu. Nyumba ilindwe na komeo nene, taa barazani, na jirani wa kuitika ukipiga ukelele. Jirani huyo unaye, na umempa notisi mwenyewe kwa msumeno. Hamoud anakaa kisiwani. Siku mwizi akivunja mlango wako, shemeji atakuwa ng'ambo anangoja feri.

Usidhani nakucheka. Hofu hiyo imeingia hata kwangu. Dada yangu amekwisha kutanguliza masanduku yake Unguja, anasema huko ndiko kwenye amani, na mimi kila nikipita mbele ya chumba chake kitupu naketi kitako nalia. Hatujui kesho itakuwaje, na anayekwambia anajua anakudanganya, awe shemeji au mwanasiasa. Lakini Mutua naye ana hofu yake, mwanangu. Yeye ndiye mgeni, na yeye ndiye aliyegusa ule mkato.

Ndiyo maana swali lako la mtutu mpya limeniudhi. Unataka kununua chuma kirefu ukitie mahali pa jibu. Mtu alikuuliza neno moja, akakusubiri, ukanyamaza, na kunyamaza kwako akakuelewa vizuri kabisa. Kisha kwa heshima aliyo nayo akazitoa risasi ili usijiumize ukirudi nyumbani. Wewe katika barua yako ndefu hukulijibu swali lake hata kwangu mimi, ambaye hunijui.

Basi nenda kwake mchana, yeye na Agneta wakiwapo, pamoja na Ruwaida, kwa maana na yeye alikuwamo. Usibebe nyama wala sukari. Usimtaje Hamoud, usiitaje bendera, usiseme nguruwe. Mwambie, "Niliikatia wewe." Ukisha kulisema, funga mdomo, na lolote watakalokuambia lipokee, hata kama ni refu, hata kama Agneta atakutoa nje.

Sikuahidi kwamba atabaki. Mimi ningekuwa Mutua nisingebaki. Ikifika siku ya kuhama, funga duka, uwe pale tangu asubuhi, ubebe kitanda chake kichwani mpaka kwenye feri, mbele ya macho ya watu wote wa Mtongwe, na asipotaka ubebe, simama tu umwone anapita. Akihama, ahame akiwa amejibiwa.